Nani atamwambia naiti kwamba amekufa?

*Katika mapigano ya kuigiza Zama za Kati, aliyepigwa ndiye mwamuzi wa pigo lake mwenyewe. Mchezo huo umedumu tangu 1966. Lakini afanywe nini mtu asiyetaka kufa?*

Fimbo ya henzirani, ambayo hapa ndiyo upanga, ikitua juu ya chapeo ya chuma hutoa mlio usiohitaji mtaalamu kuutambua. Ikiteleza, husikika kama mwiko unaokwaruza sufuria. Ikitua sawasawa, kwa ukingo wa upanga na nguvu za kiuno nyuma yake, hutoa kishindo kizito kinachofika hadi kwa watazamaji walio nyuma kabisa ya kamba. Msimamizi wa ulingo hukisikia. Aliyepiga hukihisi kwenye kifundo cha mkono kabla hakijafika sikioni. Kisha wote hunyamaza na kumtazama aliyepigwa, kwa sababu yeye peke yake ndiye mwenye kauli. Akisema "nzuri", anaanguka na pambano limekwisha. Akisema "nyepesi", anainua ngao yake na pambano linaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Mara nyingi neno hilo "nyepesi" ni la kweli, maana macho ya mtazamaji hudanganyika. Zipo siku nyingine ambapo kila aliyesimama pale anajua kwamba si la kweli, na hakuna anayefungua mdomo. Mpigaji anarudi mahali pake, anameza mate, kisha anapiga tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Makala haya yanahusu mambo hayo mawili: kimya kile, na pigo la pili lililo zito kuliko la kwanza.

Mchezo uliozaliwa uani

Tarehe 1 Mei 1966, mjini Berkeley, California, kundi la marafiki wapenzi wa historia na hadithi za kubuni lilikusanyika nyuma ya nyumba ya mwandishi Diana Paxson, likavaa mavazi ya kale na kupigana kwa silaha za kuigiza. Sherehe ile ya siku moja ikageuka kuwa chama kiitwacho Society for Creative Anachronism, ambacho wanachama wake hukiita SCA. Leo kina falme 20. Kwa ramani ya chama hicho, Afrika yote, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, imo ndani ya ufalme uitwao Drachenwald, kwa hiyo hata kijana wa Mombasa au Dar es Salaam akitaka kuvaa deraya kesho, kanuni zitakazomhusu ni hizi hizi tunazozijadili. Mkusanyiko mkubwa kuliko yote ni vita vya Pennsic, vilivyoanza mwaka 1972 na ambavyo kila mwaka, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, huvuta zaidi ya watu 10,000 kwenye mahema ya magharibi mwa jimbo la Pennsylvania.

Asidhani mtu kwamba panga zao ni za sponji. Ni henzirani nzima, ile ile inayosukiwa viti, yenye kipenyo cha sentimita 3 na ushei, iliyozungushiwa utepe mgumu. Chapeo hutengenezwa kwa bati la chuma lisilopungua unene wa milimita 1.6 hivi, na chini yake kuna matandiko ya kuzuia mtikisiko. Watu hupigana kwa nguvu halisi. Pigo safi la kichwani au kiwiliwilini linaua. La mkononi linaunyang'anya mkono huo, na mwenyewe huuficha nyuma ya mgongo. La pajani humfanya apigane akiwa amepiga magoti. Chini ya goti hapalengwi, wala viganja. Wanawake kwa wanaume hupigana kwenye ulingo mmoja bila mizani ya uzito wala umri.

Lililo la pekee ni kipimo cha pigo lenyewe. Kanuni inamtaka kila mpiganaji ajihesabu kama amevaa dirii ya pete za chuma na chapeo iliyo wazi usoni, hata kama siku hiyo amejifunika bati kutoka shingoni hadi magotini. Kwa hiyo hapimi maumivu. Anatakiwa ajiulize pigo lile, kama lingekuwa la upanga wa kweli, lingeifanya nini dirii ambayo hakuivaa. Swali hilo ni gumu, linajibiwa kwa sekunde moja, ndani ya joto, na anayelijibu ndiye mwenye cha kupoteza. Cha kupoteza nacho si kidogo, kwa maana mshindi wa mashindano ya taji ndiye anayekuwa mfalme wa ufalme mzima kwa miezi kadhaa, akiketi kwenye kiti cha enzi na kutoa heshima na vyeo kwa wengine.

Ngozi ya faru

Wapiganaji wa Marekani wana jina la mtu asiyekubali mapigo: humwita faru, kwa unene wa ngozi yake. Jina hilo linachekesha, na ubaya wake uko hapo hapo, kwa sababu linawapa watu cha kunong'ona kambini usiku badala ya cha kusema uwanjani mchana. Lina ubaya mwingine mkubwa zaidi. Linawatia kwenye kapu moja watu wasiofanana: asiyehisi, asiyejua, na asiyetaka. Aliyewahi kulea, kufundisha au kuamua ugomvi wa aina yoyote anajua kwamba makosa haya hayana dawa moja, na kwamba dawa ya mmoja ni sumu kwa mwenzake.

Wasiohisi ndio wengi, na ndio wanaoonewa zaidi na jina hilo. Fikiria mtu mwenye kilo 110, amevaa bati la chuma juu ya koti la pamba lililoshonwa matabaka manne. Moyo unamwenda mbio, masikio yamejaa mlio wa pumzi zake mwenyewe zinazorudi kutoka kwenye ukuta wa chapeo, na amekuwa akirudi nyuma pigo lilipomfikia, hivyo nusu ya nguvu yake imepotelea hewani. Ubavuni amehisi kitu kama kuguswa na tawi. Akisema "nyepesi", anasema kile ambacho mwili wake umemwambia. Kwenye vita vya makundi, ambako mamia hukabiliana kwa mikuki na ngao katika vumbi, hali huwa ngumu zaidi, kwani mapigo matatu yanaweza kumfikia kwa wakati mmoja na asijue lipi limetoka wapi. Mtu huyu hana kosa la tabia. Ana kosa la vifaa, au la mazoezi, na ni la kurekebishika ndani ya alasiri moja akikutana na mtu mwenye subira.

Asiyejua ni yule aliyefundwa kwingine. Kila kikundi cha mazoezi hujenga mizani yake ya pigo, bila kuiandika popote, na ugenini mizani hizo hugongana. Aliyezoea kufa kwa mapigo mazito tu akienda kwenye ufalme wenye mizani ya wastani ataonekana mwizi. Anayetoka kwenye mizani nyepesi akienda kwa wazito, ataonekana mnyonge anayekufa kwa kupulizwa. Wote wawili ni wakweli kwa walivyolelewa.

Anabaki asiyetaka. Huyu amehisi, anajua, na ameamua kwamba taji, au kutazamwa na rafiki zake, au hasira za pambano lililopita, vina uzito kuliko neno lake. Waswahili walikwisha kumhukumu zamani: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni wachache, lakini madhara yao hayalingani na idadi yao, kwa sababu mmoja tu anatosha kubadili jinsi kikundi kizima kinavyopiga.

"Mmoja tu anatosha kubadili jinsi kikundi kizima kinavyopiga."

Mabadiliko hayo huanza na wazo linaloonekana la haki: kama hataki kufa kwa pigo la kawaida, nitampiga hadi akubali. Wako wapiganaji wa siku nyingi wanaolitoa wazo hilo kama ushauri kwa vijana. Lina kasoro ambayo haihitaji utafiti kuionyesha. Pigo zito linalomlazimisha faru kukiri linakuwa ndicho kipimo kipya, na wiki ijayo litamtua mtu ambaye hakukosa lolote. Mwenye mwili mdogo, mwanamke mwenye kilo 55, mzee wa miaka 60 aliyepigana tangu ujana, hawa hawawezi kuongeza nguvu kila msimu. Ustadi wao wa kulenga, kupima umbali na kusoma bega la mpinzani unakuwa kazi bure. Mchezo ambamo mwanamke na mwanamume, mwembamba na mnene, hupambana kwa kauli ya heshima, unageuka kuwa shindano la misuli, na vichwa vya watu ndivyo vinavyolipa deni hilo. Ndiyo maana kutokubali pigo hakuwezi kuitwa kosa dogo la adabu. Ni jambo la usalama, na lilipaswa kushughulikiwa kama yanavyoshughulikiwa mambo mengine ya usalama uwanjani, kama kamba ya chapeo iliyokatika au henzirani iliyopasuka.

Wanaotaka waamuzi

Jibu la kwanza la mtu wa nje ni rahisi: wekeni refa. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana ndivyo ndugu wa mchezo huu walivyofanya. Kwenye mapambano ya chuma yaitwayo buhurt, ambayo mashindano yake ya mataifa yalianza kwenye ngome ya Khotyn nchini Ukraine, swali la nani amekufa liliondolewa kabisa. Mpiganaji hutoka anapoangushwa, na anayehesabu ni waamuzi wenye kadi mfukoni. Kwenye sanaa ya upanga wa kihistoria wa Ulaya, waamuzi husimama pembeni kwa bendera na kutangaza wanachokiona. Yote mawili yanafanya kazi. Lakini kila moja limelipa gharama yake. Buhurt umekuwa mchezo wa kuangushana zaidi kuliko wa kukata kwa upanga, kwa sababu kuanguka kunaonekana na kukatwa hakuonekani. Upanga wa kihistoria nao hubishaniwa sana juu ya macho ya waamuzi, kwani ncha ya upanga hukimbia kuliko jicho.

Mchezo wa vitara wa Olimpiki unatoa ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa umeipitia njia yote. Hapo zamani mchezaji aliyeguswa alitarajiwa kukiri mwenyewe. Baadaye mwamuzi mkuu alizungukwa na wasaidizi wanne wa kutazama. Kisha ikaja mitambo ya umeme: kwa upanga wa aina ya épée ilitumika kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, kwa foil mwaka 1956 Melbourne, na kwa sabre mwaka 1992 Barcelona. Taa ikiwaka, umeguswa, mjadala umefungwa. Je, udanganyifu ulikwisha? Mwaka 1976 mjini Montreal, Boris Onishchenko wa Umoja wa Kisovieti, mshindi wa medali za Olimpiki katika mchezo wa fani tano, alikutwa na upanga uliotegwa swichi mpinini. Taa iliwaka hata pale ncha ilipokuwa haijamgusa mpinzani, na Mwingereza Jim Fox ndiye aliyesimama na kulalamika. Onishchenko alifukuzwa mashindanoni na timu yake ikaondolewa.

Tukio hilo linasemwa sana kama kisa cha ajabu, lakini kwa hoja yetu uzito wake uko mahali pamoja. Mtambo uliodanganywa haukumkamata mdanganyifu. Aliyemkamata ni mpinzani aliyepaza sauti papo hapo, mbele ya watu waliokuwa na mamlaka ya kukagua kifaa, na wakakikagua. Hata pale ambapo neno la mchezaji limebadilishwa kwa waya na taa, bado kilichookoa mchezo ni utaratibu wa kulalamika unaosikilizwa. SCA wanaweza kununua waya kesho, lakini wasipokuwa na utaratibu huo watabaki pale pale.

Kuna sababu nyingine ya kutowataka waamuzi wa kila pigo, nayo ni ya moyo wa mchezo wenyewe. Mtu anayeruhusiwa kujihukumu hujifunza jambo ambalo asiyeruhusiwa halijui: kupoteza kwa kauli yake mwenyewe, mbele za watu, wakati angeweza kunyamaza na kushinda. Mchezo huu umejengwa juu ya ugumu huo. Ukimpa refa kazi hiyo umemwondolea mpiganaji zoezi kuu, maana atakayepigwa ataanza kumtazama refa badala ya kujitazama, kama mchezaji wa mpira aliyeshika kwa mkono halafu anasubiri filimbi.

Mashujaa wenyewe hawakuwa malaika

Watetezi wa kimya huwa na hoja yao, na ni hoja ya kiungwana: huu ni mchezo wa uungwana, na muungwana hamtilii shaka muungwana mwenzake. Kusema kwa sauti kwamba fulani hakubali mapigo ni kumwita mwongo, na kumwita mwongo ni kuivunja nyumba yote. Ingekuwa kweli kama mashujaa wa Zama za Kati wenyewe wangeishi hivyo. Historia inasema vingine.

Katika miaka ya 1270, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, akirejea kutoka vita vya msalaba, alialikwa kwenye mashindano huko Chalon nchini Ufaransa. Mwenyeji wake alimkamata shingoni akijaribu kumburuta kutoka kwenye tandiko, hasira zikapanda, na burudani ikageuka vita halisi vya kumwaga damu. Mwaka 1292, katika utawala wa Edward huyo huyo, Uingereza ilipata sheria ya silaha za mashindano: panga zenye ncha zilipigwa marufuku, idadi ya wasaidizi wa kila naiti ikawekewa kikomo, hata watazamaji wakakatazwa kuja na silaha. Aliyevunja sheria alinyang'anywa farasi na deraya na kutiwa kizuizini. Sheria hiyo haikuwavunjia mashujaa heshima.

Kisa cha Geoffroi de Charny kinagusa zaidi. Naiti huyu Mfaransa, aliyeheshimiwa kuliko wengi wa zama zake, aliyekufa akiishika bendera takatifu ya mfalme wake kwenye vita vya Poitiers mwaka 1356, alitunga maswali zaidi ya 100 kuhusu mapambano ya farasi, mashindano na vita, ili yaamuliwe na wenzake wa Chama cha Nyota cha Mfalme Jean wa Pili. Naiti akimwangusha mpinzani pamoja na farasi wake, je, farasi huyo amekuwa wake? Maswali yanakwenda hivyo, moja baada ya jingine. Maswali yamehifadhiwa, majibu hayakuhifadhiwa. Lakini hebu tulitazame tendo lenyewe: shujaa mkuu wa Ufaransa, badala ya kusema kwamba waungwana hawaulizani, aliketi na kuandika orodha ya mambo ambayo waungwana wanapaswa kuulizana.

Naye René wa Anjou, katika kitabu chake cha mashindano cha mnamo 1460, chenye picha za kupendeza mno, anaeleza utaratibu wa nidhamu hatua kwa hatua. Kabla ya siku ya pambano, chapeo zote hupangwa na mabibi hupitishwa mbele yake. Bibi aliyesengenywa na naiti yeyote huigusa chapeo ya mhusika, na naiti huyo kesho yake huchapwa na wenzake uwanjani. Mwenye kosa zito zaidi, kama la kuvunja kiapo, hupoteza farasi wake na kuketishwa kwenye tandiko lililowekwa juu ya boriti ya uzio hadi mashindano yaishe, wote wakimtazama. Na ili kipigo kisizidi, naiti mmoja huchaguliwa kubeba kitambaa cha huruma kwenye ncha ya mkuki; akikiinamisha juu ya anayepigwa, hakuna anayeruhusiwa kumgusa tena. Hatuna haja ya kurudisha viboko, wala ya kuamua kwa niaba ya watu wa karne ya 15 kipi kilikuwa kosa. Kinachofaa kuchukuliwa ni umbo lake: shutuma ilitolewa hadharani, adhabu ilijulikana mapema, na huruma ilikuwa na mbebaji wake aliyechaguliwa.

"Shujaa mkuu wa Ufaransa aliketi na kuandika orodha ya mambo ambayo waungwana wanapaswa kuulizana."

Pigo ni la mtu, mwenendo ni wa ulingo

Rai ya makala haya ni kwamba mabishano yote yanatokana na kuchanganya vitu viwili. Pigo moja ni mali ya aliyepigwa. Amelitangaza "nyepesi", basi ni nyepesi, na asiwepo msimamizi, mfalme wala mtazamaji wa kulibatilisha. Hapo watetezi wa uungwana wana haki yote. Lakini mapigo 30, kutoka kwa wapinzani wanane, katika msimu mmoja, si mali ya mtu tena. Huo ni mwenendo, na mwenendo ni mali ya ulingo, kama vile ulevi wa dereva ulivyo mali ya barabara. Kuliheshimu neno la mtu juu ya pigo moja hakumlazimishi yeyote kujifanya kipofu juu ya mwenendo wake.

Ukivitenganisha hivyo, utaratibu unajipanga wenyewe. Kwanza ni swali la mpinzani, baada ya pambano, chapeo zikiwa zimevuliwa na maji yakinywewa: "Lile la ubavuni ulilihisi vipi?" Ni swali, wala si shitaka, na linapaswa kuwa la kawaida kama kupeana mikono. Mara nyingi litaishia hapo, kwa sababu asiyehisi atashukuru kuambiwa. Swali likirudi kutoka kwa watu tofauti, ndipo daftari la msimamizi linapoingia: tarehe, wapinzani, mahali pigo lilipotua. Msimamizi akiona jambo lile lile linajirudia, amkalishe mhusika faraghani, kisha amsimamishe ndani ya deraya yake na mwenzake ampige kwa kupandisha nguvu kidogo kidogo, hadi wote wakubaliane kwa sauti ni wapi "nyepesi" inapoishia na "nzuri" inapoanza. Zoezi hilo huchukua dakika 20. Linamponya asiyehisi na asiyejua, na linamwondolea asiyetaka kisingizio chake cha mwisho. Akiendelea baada ya hapo, chama kinayo nguvu tayari: hakuna anayepigana SCA bila kibali cha wasimamizi, na kibali kilichotolewa kinaweza kusimamishwa.

Wapo watakaosema njia hii inafungua mlango wa fitina. Mwenye wivu atamchafua mshindi kwa malalamiko matatu ya kupanga. Hatari hiyo ipo. Ila lazima tuilinganishe na hali ya sasa, ambamo mtu huitwa faru kwenye mahema 50 bila yeye kujua, bila tarehe, bila ushahidi, na bila nafasi ya kujitetea. Daftari linamlinda mtuhumiwa kuliko mnong'ono unavyoweza kumlinda. Linamlazimu mlalamikaji ataje jina lake na siku yake, na likiwa tupu, basi nalo ni ushahidi kwamba yale yaliyosemwa kambini yalikuwa maneno ya kambini.

Watakaosema kwamba huu ni mchezo tu, jibu lao ni fupi: henzirani haijui kwamba ni mchezo inapotua shingoni.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la cheo. Itakuwaje kama faru ndiye mfalme, au naiti mwenye mkanda mweupe wa cheo chake na wanafunzi kumi nyuma yake? Hapa ndipo kimya huwa kizito zaidi, kwa sababu anayetakiwa kuuliza swali ni yule yule anayetarajia siku moja kupewa mkanda na watu hao. Kanuni za SCA zinampa mpiganaji yeyote ruhusa ya kukataa changamoto bila kutoa sababu na bila kuhesabiwa aibu, na hiyo ni silaha nzuri ya mnyonge kwenye mazoezi. Lakini kanuni hizo hizo zinasema pambano la mashindano si changamoto, na ukilikataa umelipoteza. Maana yake ni kwamba silaha ya mnyonge inapotea pale inapohitajika zaidi, mbele ya taji. Kwa hiyo shauri linalomhusu mwenye cheo lisisikilizwe na mtu wa nyumba yake wala na aliyeteuliwa naye. Chama kina msimamizi mkuu aliye juu ya falme zote, na njia ya kumfikia inapaswa kuandikwa kwa maneno mepesi kwenye karatasi ile ile anayopewa mgeni siku anapopata kibali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ulio kwenye kiti cha enzi hauzibwi na anayepiga magoti mbele yake.

Hata hivyo karatasi haitoshi, na hapa neno liwaendee wenye mikanda myeupe. Mgeni wa mwezi wa kwanza hasomi kanuni, anawatazama nyinyi. Anatazama mnavyopokea pigo lenye shaka kutoka kwa mtu asiye na jina, mbele ya umati, siku ya taji. Mkilitangaza "nzuri" na kuanguka, mmemfundisha mizani ya pigo ambayo hakuna daftari linaloweza kuiandika. Kisha mkivua chapeo, mwulizeni mwenzenu mwenye mkanda kama wenu lile swali la ubavuni, kwa sauti ambayo mgeni ataisikia. Msimwachie yeye awe wa kwanza kuuliza.